Je, Wajua? Namba Huvurugwa, Kisha Zikarudi Zilivyokuwa

Ndani ya simu na kompyuta kuna kazi moja ndogo inayofanyika mamilioni ya mara kwa siku bila mwenye kifaa kuiona. Namba inaingia, inavurugwa, inatoka namba nyingine isiyofanana nayo hata chembe. Wanaoandika programu huiita kazi hiyo hashi. Kwa hashi, kompyuta hupata jina lako kati ya majina milioni bila kuyapitia yote, na mchezo wa kompyuta huchora milima ambayo hakuna mchoraji aliyeichora. Watu wengi wakiona namba imevurugika hivyo, huamini kwamba ya mwanzo imepotea milele. Mara nyingi haijapotea hata kidogo, na hapo ndipo utamu ulipo.

7 huvuruga, 143 hurudisha

Chagua namba yoyote ya tarakimu tatu. Izidishe kwa 7, ubaki na tarakimu tatu za mwisho tu, nyingine zitupe. Sasa zidisha kwa 143, ubaki tena na tatu za mwisho. Namba yako imerudi!

Tujaribu na 356. Mara 7 ni 2,492, tunabaki na 492. Hiyo 492 mara 143 ni 70,356, na mwishoni mwake imekaa 356 ile ile. Siri ni kwamba 7 mara 143 ni 1,001. Ukibaki na tarakimu tatu za mwisho za 1,001 unapata 001, yaani moja, na kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu. Umetupa tarakimu mara mbili na bado hukupoteza chochote. Chukua kikokotoo cha simu umwonyeshe mtoto wa shule, kisha umwache atafute mwenyewe namba inayorudisha kazi ya 3. (Ni 667, lakini usimwambie mapema.)

Witiri hurudi, shufwa hazirudi

Jaribu mchezo huo huo kwa 2 na utakwama. 500 mara 2 inatoa 000, na 000 mara 2 inatoa 000 vilevile. Namba mbili zimeingia mlango mmoja, na hakuna tena wa kusema nani alikuwa nani. Katika hesabu zetu za kumi kumi, vizidishi vinavyorudika ni vile vinavyoishia na 1, 3, 7 au 9. Kompyuta huhesabu kwa mbilimbili, hivyo sharti lake ni jepesi zaidi: kila namba witiri hurudika, kila shufwa hupoteza. Ndiyo maana ukifungua hashi yoyote iliyotengenezwa kwa uangalifu utakuta kizidishi chake ni witiri.

Kinyume cha namba hupatikana kwa hatua nne

Kompyuta mara nyingi hushika namba za biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), yaani kuanzia 0 hadi 4,294,967,295. Ungezihesabu moja kwa sekunde, usiku na mchana, ungemaliza baada ya miaka 136. Sasa mtu anakupa kizidishi witiri kikubwa na kukuuliza: ni namba gani inayokifuta? Hakuna haja ya kuzijaribu zote.

Ukizidisha namba witiri yoyote kwa yenyewe, kisha ukagawanya kwa 8, baki huwa 1 daima. Jaribu: 3 mara 3 ni 9, baki 1. 5 mara 5 ni 25, baki 1. 7 mara 7 ni 49, baki 1. Maana yake ni kwamba kila witiri ni kinyume chake mwenyewe kwa biti tatu za mwisho. Ukianzia hapo, ipo kanuni fupi iliyotokana na njia ya Isaac Newton ambayo kila ukiitumia, biti zilizo sahihi huongezeka maradufu: 3, 6, 12, 24, 48. Mara nne tu, na umeshazipita 32. Kwangu mimi hiki ni kipande kizuri kupita vyote katika somo hili zima, na kimekaa katika mistari miwili mitatu ya programu.

Kuna hatua inayojifuta yenyewe

Andika biti nane: 10110010. Zisogeze kulia nafasi nne, upate 00001011. Zilinganishe biti kwa biti: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Unapata 10111001. Sasa fanya jambo lile lile, bila kubadilisha chochote, kwa hiyo 10111001. Inatoka 10110010, namba uliyoanza nayo.

Inawezekana kwa sababu nusu ya kushoto haikuguswa, na kilichofanywa kwa nusu ya kulia kilitumia hiyo hiyo nusu ya kushoto. Ukisogeza kwa nafasi chache zaidi, kurudisha kunahitaji hatua moja au mbili za ziada, lakini bado hakuna biti inayopotea.

Na kwa nini hatua hii ioanishwe na kuzidisha? Zidisha namba kwa karatasi uone: tarakimu ya mwisho ya jibu hutegemea tarakimu za mwisho pekee. Kubwa za kushoto hazina sauti pale. Kuzidisha hupeleka habari upande wa kushoto tu, na kusogeza kulia huzirudisha chini. Basi watengenezaji hupokezanisha: sogeza, zidisha, sogeza, zidisha, sogeza. Hatua tano, na namba haitambuliki tena.

Kompyuta iliachwa itafute yenyewe hashi bora

Mwaka 2018 mwandishi wa programu wa Marekani, Chris Wellons, aliandika programu inayobuni hashi kwa kubahatisha: inachagua vizidishi na misogeo, inaunda hashi, inaipima, inaitupa, inaunda nyingine. Kipimo chake ni kikali. Ukibadilisha biti moja tu ya namba inayoingia, kila biti ya namba inayotoka inapaswa iwe na nafasi nusu kwa nusu ya kubadilika. Horst Feistel, mtaalamu wa usimbaji fiche wa kampuni ya IBM, aliliita jambo hilo poromoko mwaka 1973: jiwe moja dogo linateleza, mlima mzima unashuka.

Kwa biti 32 unaweza kupima namba zote bilioni 4.29 bila kuruka hata moja, na hashi zilizofika fainali zilipimwa hivyo. Mshindi wake maarufu huzidisha kwa 2,146,121,005, kisha, baada ya kusogeza, kwa namba nyingine witiri. Ili kufuta kile kizidishi cha kwanza, unazidisha kwa 493,478,565. Ukizidisha hizo mbili na kubaki na biti 32 za mwisho, unapata 1 kamili, sawasawa na 7 na 143 zetu.

Sifuri haivurugiki

Hashi iitwayo MurmurHash3, kazi ya Austin Appleby, huishia kwa hatua tano za aina hiyo hiyo, na hutumika katika hifadhidata kubwa duniani. Zipe hatua hizo za mwisho namba 1, zitakurudishia vurugu tupu. Zipe 0, zitakurudishia 0. Sifuri ukiisogeza ni sifuri, ukiizidisha ni sifuri.

Wengine walilitibu tatizo hilo kwa njia ya kupendeza. Hashi ya FNV, iliyoanza mwaka 1991, toleo lake la kwanza kabisa lilianzia sifuri, hivyo mfululizo wa sifuri uliingia ukatoka ulivyo. Toleo lililofuata likaanzia 2,166,136,261. Imetoka wapi namba hiyo? Ni hashi ya saini ya barua pepe ya Landon Curt Noll, mmoja wa watunzi wake watatu, pamoja na alama zake za mapambo. Kwa hiyo saini ya mtu mmoja imechomekwa ndani ya programu zisizohesabika, na walio wengi wanainakili bila kujua kwamba wanabeba jina lake.

Alizeti na kompyuta hutumia uwiano mmoja

Gawanya 4,294,967,296 kwa 1.6180339887, uwiano wa dhahabu, na uchukue sehemu isiyo na desimali: 2,654,435,769. Donald Knuth, katika juzuu yake ya mwaka 1973 kuhusu kupanga na kutafuta, alieleza kwa nini kizidishi cha namna hii hufaa sana. Ukizidisha 1, 2, 3, 4 na kuendelea, kila jibu jipya hutua ndani ya mojawapo ya mapengo makubwa zaidi yaliyobaki. Hakuna msongamano.

Alizeti, ziwe za Singida au za kwingineko, hupanga mbegu zake kwa uwiano huo huo: mbegu hadi mbegu ni pembe ya takriban nyuzi 137.5, na uso mzima unajaa bila nafasi kupotea. Na kwa bahati njema, 2,654,435,769 ni witiri, hivyo hurudika. Utaikuta pia katika usimbaji fiche wa TEA, uliotungwa Cambridge mwaka 1994 na David Wheeler na Roger Needham.

Kuukaribia tu uwiano huo hakutoshi. Mfumo wa Linux ulitumia kwa miaka mingi namba tasa iliyo jirani yake, iliyochaguliwa kwa sababu ina biti chache zenye 1 na hivyo ilikuwa nafuu kwa mashine zinazozidisha polepole. Mwaka 2016 ilibainika kwamba uchache huo wa biti uliharibu mvurugo, ikaondolewa. Iliyochukua nafasi yake ni 1,640,531,527. Ijumlishe na 2,654,435,769 uone inatoka ngapi!

Baba wa hashi aliacha alama kwenye simu yako

Januari 1953, ndani ya kampuni ya IBM, Hans Peter Luhn aliandika waraka wa kupendekeza kwamba taarifa zitiwe kwenye vikapu, na kikapu kipatikane kwa kufanya hesabu juu ya namba yenyewe ya taarifa. Huendi kutafuta, unahesabu, kisha unakwenda moja kwa moja. Luhn alizaliwa Ujerumani mwaka 1896, alifanya kazi katika sekta ya nguo kabla ya kompyuta, na alibuni kifaa cha kuhesabu nyuzi za kitambaa.

Piga *#06# kwenye simu yako. Namba ya tarakimu 15 itakayotokea huishia na tarakimu ya uhakiki iliyobuniwa na Luhn huyo huyo, na kadi za benki zinayo pia. Anza kulia. Ya kwanza iache, ya pili izidishe kwa 2, ya tatu iache, ya nne izidishe, hivyo hivyo hadi mwisho. Jibu likizidi 9, toa 9. Jumla ya zote lazima igawanyike kwa 10. Ukikosea tarakimu moja tu, yoyote ile, hesabu itakukamata.

Kwenye Python, hashi ya -1 ni -2

Lugha ya programu ya Python haivurugi namba ndogo hata kidogo: hashi ya 5 ni 5, ya 900 ni 900. Ila -1 inageuka -2, kwa sababu ndani kabisa ya mashine yake -1 imetengwa kuwa ishara ya hitilafu. Matokeo yake -1 na -2 zina hashi moja.

Namba kubwa sana hugawanywa kwa 2,305,843,009,213,693,951 na kubakizwa baki. Namba hiyo yenye tarakimu 19 ni tasa, na aliyethibitisha hivyo mwaka 1883 ni Ivan Pervushin, kasisi wa Kanisa la Orthodox huko Urusi, bila kompyuta. Wakati huo ilikuwa namba tasa ya pili kwa ukubwa kati ya zote zilizojulikana. Leo kila kompyuta ya kisasa inayoendesha Python inategemea hesabu ya padri yule.

"Aa" na "BB" ni mapacha

Java hugeuza maneno kuwa namba kwa kuzidisha kwa 31 na kujumlisha herufi inayofuata. A ni 65, a ni 97: 65 mara 31 jumlisha 97 ni 2,112. B ni 66: 66 mara 31 jumlisha 66 ni 2,112. Zimelingana! Basi AaAa, AaBB, BBAa na BBBB zina hashi moja pia, na kwa jozi 20 tu unaweza kutunga maneno 1,048,576 yanayokwenda yote kikapu kimoja.

Mchezo huo uligeuka silaha. Desemba 2011, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, watafiti wawili walionyesha kwamba ukiipelekea tovuti maneno mapacha kwa wingi, kompyuta yake hushughulika na kikapu hicho kimoja hadi ikashindwa kuhudumia wengine. PHP, Java, Python na Ruby zote ziliguswa. Mwaka uliofuata Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein walitoa SipHash, ambayo huvuruga kwa kutumia ufunguo wa siri, na Python ikaipokea katika toleo la 3.4. Asiye na ufunguo hawezi kutunga mapacha.

Bahati nasibu huacha viti zaidi ya theluthi vitupu

Ukigawa namba bilioni 4.29 kwa bahati nasibu tupu, kila moja ikaangukia popote, takriban asilimia 37 ya majibu hayatatokea kamwe: zaidi ya bilioni 1.5 yanabaki bila mtu. Tena mgongano wa kwanza huja mapema ajabu. Baada ya namba 77,163 hivi, nafasi ya kuwapo mbili zenye jibu moja inafika nusu kwa nusu. Hashi inayorudika, kwa upande wake, ni kama kuchanganya karata vizuri: kila karata imehama, hakuna iliyorudufiwa, hakuna iliyoanguka chini ya meza. Kiti kimoja, mtu mmoja, bilioni 4.29 bila mgongano hata mmoja.

Njia za kuzichanganya zinaandikwa kwa tarakimu bilioni 39.5

Bilioni 39.5 si idadi ya njia zenyewe za kuchanganya zile namba bilioni 4.29. Ni urefu wa namba inayozitaja. Ukilinganisha, hashi zote zinazoweza kutungwa kwa misogeo mitatu na vizidishi viwili zinatajwa kwa namba ya tarakimu 24 tu. Tunaokota kokoto chache mno kwenye ufuo usioonekana mwisho wake, na bado tumepata zinazong'aa.

Kuhesabu moja, mbili, tatu kunaweza kuonekana kama bahati

Kanuni iitwayo SplitMix, iliyochapishwa mwaka 2014 na Guy Steele, Doug Lea na Christine Flood na kutumika katika Java 8, hutoa namba zinazoonekana za kubahatisha kabisa. Ndani yake kuna kihesabio kinachoongeza kiasi kile kile kila mara, kiasi kilichotokana na uwiano wa dhahabu, kisha hashi inayorudika ya biti 64. Kwa kuwa inarudika, kila namba hutokea mara moja tu kabla ya mzunguko kuanza upya. Ukizitoa bilioni moja kwa sekunde, mzunguko utachukua miaka 584.

Teksi za New York zilivuliwa barakoa kwa saa mbili

Mwaka 2014 mji wa New York ulitoa, kwa ombi la mwananchi, kumbukumbu za safari zipatazo milioni 173 za teksi za mwaka 2013. Namba za magari na leseni za madereva zilifichwa kwa MD5, hashi iliyotungwa ili isirudike. Na kweli, hakuna aliyeirudisha nyuma. Mhandisi mmoja alifanya jambo rahisi zaidi: namba za aina hiyo zinazowezekana hazifiki milioni 30, basi alizipitisha zote mbele kwenye MD5 na kulinganisha majibu. Katika muda usiozidi saa mbili faili lote lilikuwa wazi.

Hesabu hiyo hiyo inahusu namba ya simu iliyofichwa kwa hashi. Nchini Kenya na Tanzania, baada ya 07 zinabaki tarakimu nane, yaani namba milioni 100 basi. Kompyuta inayojaribu milioni moja kwa sekunde huzimaliza zote kwa sekunde 100, na za leo zina kasi kuliko hiyo.